Laini Iliyowekwa Amana

Saa tisa na robo za alasiri, siku ya Ijumaa, Bi Mejumaa aliingia uani kwangu hapa Msambweni bila kupiga hodi. Nilijua papo hapo kwamba kuna jambo, kwa sababu mwanamke huyu angeweza kupiga hodi hata akiingia jikoni kwake mwenyewe. Simu yake ndogo ya vibonye alikuwa ameilaza juu ya leso iliyokunjwa, ameibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyeokota kinda la ndege.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akasema, "Mwanangu Salimu, laini ya Mwanasha haisomi."

Bi Mejumaa ni mjane wa marehemu Mzee Bakari, fundi aliyenifundisha kazi. Mwanasha ni binti yao wa mwisho, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, na ambaye alikuwa hajasikika kwa muda mrefu. Laini ile ndiyo namba pekee ya simu aliyokuwa ameihifadhi kichwani. Ikiwa imekufa, basi mtoto hana pa kupiga na mama hana pa kungojea.

Nikamwuliza imekuwa hivyo tangu lini.

"Tangu mwezi wa Maulidi," akasema. "Nikadhani ni mtandao."

Siku hiyo tulikuwa tumekwisha kuchinja Idi kubwa.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaopanda nguzo siku hizi kutandaza nyaya za faiba, mnaonipita barabarani mkiniita mzee wa waya, nami sijafika hata miaka sitini. Nilipanda nguzo za waya wa shaba tangu nilipotoka shuleni, mpaka kampuni ya simu ilipopunguza watu. Baada ya hapo nikawatumikia makandarasi wa faiba mpaka magoti yakakataa. Kazi yote hiyo, ya zamani na ya sasa, imeitwa kwa jina moja, nami nimekaa na jina hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mtu yeyote. Kwa hiyo niacheni niseme kwanza ninayoyajua juu yake, kisha nitarudi kwa Bi Mejumaa, ambaye nilimwacha amekaa kwenye mkeka hataki hata maji.

Neno laini nililisikia kabla sijaona simu. Nilizaliwa kwenye laini. Hivyo ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule Ramisi, vyumba vilivyopangwa safu moja, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na mtoto akichapwa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anaacha utundu. Shuleni tulipanga laini asubuhi tukaguliwe kucha. Magari ya Lunga Lunga yana laini yao na ya Kwale yana yao, na dereva akiingilia laini ya mwenzake watu wanakunja mikono ya mashati. Fundi wa bomba ana laini ya maji. Hospitalini unapanga laini tangu alfajiri, na ukizidiwa unatolewa kwenye laini hiyo, unalazwa, na muuguzi anakupapasa mkono akitafuta mshipa akuwekee laini nyingine ya kupitishia dawa. Ni wavuvi tu waliolikataa neno hili. Wao wana mshipi wao, na ukimwambia mtu wa Mkwiro, kijiji cha wavuvi, kwamba anavua kwa laini, atakutazama kama mgeni aliyeshuka hotelini jana.

Sikusoma sana. Nilipopata kazi nilinunua kamusi ya Kiingereza iliyokwisha kutumika, jalada limeng'oka, nikalitafuta neno hilo lililotupa laini yetu. Nilitarajia mstari mmoja au miwili. Nikakuta maana zimejaza ukurasa na kumwagikia wa pili: mstari wa daftari, kunyanzi la uso, mpaka wa nchi, ukoo wa mtu, maneno ya mchezaji jukwaani, njia ya reli. Nikawa nasoma chache kila jioni, na asubuhi namwuliza Mzee Bakari kama alizijua. Alinisikiliza kwa subira, siku moja akanijibu, "Hao wenzetu wana neno moja wanalitumia kama sufuria ya kukopeshana. Kila nyumba inapikia kitu kingine."

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi. Sufuria ni ile ile, lakini huwezi kulifuata pishi la jirani ukitegemea kupata chakula chako. Kila maana ya laini ina namna yake ya kutunzwa. Laini ya kuanikia nguo huiachi juani mwaka mzima. Laini ya maji huiachi ikiwa tupu. Waya wa shaba nao una yake, na hiyo nilifundishwa na Mzee Bakari mwenyewe.

Alikuwa mtu wa Mkwiro asiyeiweza bahari. Alikuwa akitapika kabla chombo hakijaondoka, na ndugu zake walimtania kwamba alihamia Msambweni kwa kukimbia samaki. Lakini juu ya nguzo, akiwa amefunga mkanda na kuchomeka miguuni vile vyuma vya kupandia, angeweza kula wali. Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuziandika popote. Ya kwanza ni kwamba ukiunganisha simu yako ya majaribio kwenye waya, unasema kwanza, "Kuna mtu?" Kukiwa na watu wanaongea, unatoka hapo hapo, na neno uliloliokota hushuki nalo chini. Nilimwuliza kwa nini, maana nilikuwa kijana na nilipenda habari za watu. Akasema nyumba ya mtu haiingiwi kwa mlango wala kwa waya bila hodi.

Sheria ya pili ilihusu nyumba tupu. Msimu wa wageni ulipokwisha, nyumba nyingi za Diani zilifungwa. Wenyewe walikwenda kwao Ulaya au bara, zikabaki na mlinzi na mbega wanaotembea juu ya waya kama wana kazi nasi. Mimi niliona huo ndio wakati wa kupumzika. Mzee Bakari hakupumzika. Kila wiki alikaa kituoni akazipigia nyumba zile moja moja, zilie kidogo, kisha akate. Nilimwambia, "Mzee, unampigia nani? Hakuna mtu."

"Nampigia waya," akasema.

Akanipandisha nguzoni kunionyesha. Hewa ya chumvi inaingia kwenye viungo vya waya na kuota kutu ya kijani, nyembamba, usiyoiona ukiwa chini. Waya unaopitisha sauti kila siku huipenya kutu ile kabla haijakaza. Waya ulionyamaza unazibwa taratibu, na siku mwenye nyumba akirudi na kuinua mkono wa simu, hasikii kitu. Hakuna aliyeukata. Umejifunga wenyewe kwa kukaa. Ndiyo sababu zile nyumba tupu zilikuwa zikilia kila wiki, na walinzi wakasema kwamba Mzee Bakari ana mazungumzo na majini wa Diani. Hakukanusha. Alisema majini wale wana adabu kuliko baadhi ya wateja wake.

Msinidhanie nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganya jozi mbili za waya hapa Msambweni, nikaipeleka laini ya hoteli kwa mzee mmoja aliyekuwa na duka la mafuta ya taa. Zikapita siku kadhaa hoteli hawajapata simu hata moja. Tulipofuatilia, tukamkuta mzee wa duka amekaa kwenye kigoda karibu na simu, amechoka. Watu walikuwa wakimpigia kutoka Nairobi wakiuliza nafasi, naye hakutaka kumvunja mtu moyo. "Nimewaambia vyumba vipo," akatueleza, "ila waje na vyandarua, maana mbu wa hapa nawajua." Jina la kila aliyepiga alikuwa amelikariri, na siku anayotaka kuja, na kama ana watoto. Mzee Bakari alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia nimshukuru sana mzee yule, kwa sababu laini ikipotea njia, inategemea ni nani aliye upande wa pili.

Nilimshukuru kwa kilo mbili za sukari nikadhani yamekwisha.

Mwanasha alipoondoka, baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Mimi ndiye niliyewapeleka stendi ya Ukunda, yeye na mama yake, na sanduku moja jipya. Wakala aliyempatia kazi alikuwa akiwangoja wasichana Mombasa. Mwanasha alikuwa msichana wa maneno mengi, mwenye pumu tangu utoto, na siku hiyo alinyamaza njia nzima. Tuliposhuka alikwenda kibandani akanunua kadi ya kredo, akaikwangua kwa ukucha, akaiingiza kwenye simu ya mama yake. Kisha akairudisha ile simu mkononi mwa mama na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Mama, laini hii nakuwekea amana," akasema. "Usiibadilishe. Huko wanachukua simu za watu, lakini namba hii imo kichwani. Nitakupigia Ijumaa, baada ya swala."

Mama yake akasema, "Amana yako naipokea."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Kama nyinyi ni watoto wa pwani mnajua uzito wake. Kitu cha amana si chako. Ukiwekewa shilingi, unairudisha shilingi ile ile, hukopi kwayo wala hukopeshi. Ukiwekewa kanga, huivai. Bi Mejumaa amewekewa amana na watu tangu ujana wake, dhahabu za maharusi na vyeti vya viwanja, na hakuna aliyerudi kwake akakuta kitu chake kimepungua au kimeguswa. Ndivyo alivyojulikana Msambweni nzima.

Mwanasha alipiga Ijumaa za mwanzo. Mazungumzo yalikuwa mafupi na ya kunong'ona, kwa simu aliyoazima, naye alisema hajambo. Kisha Ijumaa moja ikapita kimya, ikafuata nyingine. Ofisi ya wakala ilipofuatwa Mombasa, ilikutwa imekuwa duka la mapazia.

Sasa sikilizeni jinsi Bi Mejumaa alivyoitunza laini ile. Jirani zake walikuwa na desturi ya kuomba simu yake, mmoja anamwita mumewe, mwingine anaita bodaboda, na kredo aliyoinunua Mwanasha ilikuwa humo. Kumnyima jirani simu ni aibu. Kumkubalia ni kula amana. Bi Mejumaa akapata njia ya katikati. Akanunua laini nyingine ya kuombwa na majirani, na ile ya Mwanasha akaitoa, akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaiweka ndani ya kasha lenye dhahabu za watu. Kila Ijumaa baada ya swala aliitoa, akaitia kwenye simu, akaketi nayo mpaka alasiri. Kisha akairudisha kashani. Hakuipigia mtu. Hakutuma ujumbe kwayo. Hata kuangalia salio alikataa, akiogopa kwamba huenda kuangalia nako kunakatwa.

Nilikuwa jirani yake muda wote huo na sikujua. Aliona ni siri ya kasha.

Laini ya kadi ina masharti yake. Isipotumika miezi kadhaa, kampuni huihesabu kuwa imetupwa, huifunga, na baadaye namba ile huuzwa upya. Kutiwa kwenye simu na kutolewa hakukuhesabiwa kuwa ni matumizi. Nilikuwa nikiyajua hayo kama ninavyojua jina langu. Jumatatu iliyofuata nilikwenda naye dukani kwa kampuni, Ukunda, tukapanga laini kama kila mtu. Msichana aliyetuhudumia alikuwa mpole, akamwita mama, akamletea kiti. Alitazama kwenye kompyuta yake, akatueleza kwamba laini hiyo ilikaa muda mrefu bila kutumika, na sasa ina mtu mwingine.

"Mwanangu," Bi Mejumaa akamwambia, "mimi sikuitumia ili isiharibike."

Msichana akaangalia vibonye vyake.

Tulitoka nje tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwuliza Bi Mejumaa kama anataka tuipigie namba ile. Akaitamka yote kwa moyo, tarakimu kwa tarakimu, jinsi mtu anavyosoma aya. Nikapiga kwa simu yangu, nikafungua sauti ili naye asikie.

Aliyepokea alikuwa kijana wa kiume, nyuma yake kuna muziki. Nikamsalimu, nikaanza kumweleza kwamba laini anayoitumia ilikuwa ya mama mmoja wa Msambweni.

"Buda," akanikata, "kama ni ile stori ya pesa imetumwa kimakosa, tafuta mwingine. Mimi nimeshaibiwa tayari."

Akakata. Nikapiga tena. Hakupokea. Bi Mejumaa akaniomba simu, na mara ya tatu kijana alipopokea ili atukane, alikutana na sauti ya mwanamke mzima ikimwambia, "Asalaam aleikum, mwanangu. Usikate. Namtafuta binti yangu."

Kisha kijana akauliza, na sauti yake imebadilika, "Binti yako yuko majuu? Uarabuni huko?"

Bi Mejumaa alinishika mkono.

Anaitwa Kevo, wa kutoka bara, ana duka lake la kinyozi huko huko Ukunda, mwendo mfupi kutoka tulipokuwa tumesimama. Tulimkuta ana mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Akazima mashine, akamwomba mteja msamaha, akatuwekea benchi na kulifuta vumbi kwa taulo. Alikuwa kijana wa umri wenu, mwenye hereni. Akasimama mbele ya Bi Mejumaa kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

Akatueleza. Hakuwa amekaa na laini ile muda mrefu simu za ajabu zilipoanza. Namba ya nje, siku za Ijumaa mchana. Alipopokea mara ya kwanza, mwanamke alisema, "Mama, ni mimi," naye Kevo akamwambia amekosea namba. Mwanamke akapiga tena, akauliza hapa si kwa Mejumaa, wa Msambweni. Akamjibu hapana. Ijumaa iliyofuata akapiga tena, sasa analia, anaisoma namba kwa sauti na kuuliza kama ndiyo hiyo.

"Nikasema ndiyo ni hiyo lakini ni yangu," Kevo akasema. "Akanyamaza tu, hakati. Mimi nikaona hii ni mbinu mpya ya wezi. Wako na mbinu mingi siku hizi, mama. Watakulilia mpaka utume pesa." Akaitazama mashine yake ya kunyolea. "Nikambloku."

Mteja kitini aliacha kujitazama kwenye kioo.

Nilimwangalia Bi Mejumaa nikingoja alie, au amlaani kijana, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Yeye aliuliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria.

"Alikuwa akipumua vizuri?"

Kevo hakuelewa.

"Binti yangu ana pumu. Akisema maneno mengi kifua kinapiga filimbi. Ulisikia filimbi?"

Kevo alifumba macho ili akumbuke. Nilimpenda kwa hilo. "Hapana, mama. Alikuwa analia, lakini pumzi ilikuwa sawa. Sikusikia filimbi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mejumaa. "Basi alikuwa mzima."

Namba ya nje ilikuwa bado imo ndani ya simu, kwenye orodha ya waliofungiwa. Kevo akaifungua. Nikaipiga pale pale na siku zilizofuata, ikawa hailii, au inalia hakuna anayepokea. Mwisho akapokea mwanamume, akaongea Kiarabu cha haraka, akakata. Nikamwendea ustadhi wetu wa madrasa, ambaye alisoma huko, nikamwomba apige yeye. Waliongea kwa adabu dakika chache. Ustadhi aliporudisha simu alisema lile ni duka la vyakula. Mwenyewe ni mtu mwema. Wanawake wa kazi wa nchi nyingi huomba simu yake wanapotumwa mkate au maziwa, naye huwapa kwa ajili ya Mungu, lakini hajui majina wala nyumba zao. Mmoja alikuwa akija siku za Ijumaa. Muda sasa hajamwona.

Habari ikaishia hapo. Tumekwenda ofisi zote ambazo mtu huenda, tumeacha jina na picha, na tumeambiwa tusubiri.

Laini yenyewe haikuweza kurudi. Bi Mejumaa alimwendea Kevo na kipande cha dhahabu, cha kwake mwenyewe, akitaka kuinunua. Kevo alikataa kushika dhahabu. Alimweleza kwamba pesa zake, mkopo wake na wateja wake wote wamo kwenye namba hiyo, akiitoa hana kazi. Kisha akamwonyesha kioo cha simu. Namba ya lile duka ameihifadhi kwa jina la Mwanasha, na akaiwekea mlio wake peke yake, tofauti na wa watu wengine wote.

"Mama, akipiga," akasema, "hata kama niko katikati ya kichwa cha mtu, huyo mtu atangoja."

Nilipomsikia nilimkumbuka mzee wa duka la mafuta ya taa na vyandarua vyake. Kevo hakuwa mtu mbaya siku ile aliyofunga namba. Tofauti kati yao ni kwamba mzee yule aliishi wakati ambapo simu ikilia, kuna mtu anayekuhitaji. Kevo ameishi wakati ambapo simu ikilia, kuna mtu anayetaka kukuibia. Sijui mtafanya nini nyinyi juu ya hilo. Mimi nilifundishwa kutengeneza waya tu.

Lakini la waya niwaachieni, maana ndilo nililo nalo. Chochote mtakachokuja kukiita laini baada yetu, ulizeni kwanza kinakufa kwa njia gani. Kuna kinachokufa kwa kutumiwa, na kuna kinachokufa kwa kutoguswa. Na mnapomwuzia mtu mzima kadi ile, msimpe karatasi ya masharti mkadhani mmemwambia. Kaeni naye. Mwambieni kwa mdomo, mama, hii usiiweke, ongea nayo. Bi Mejumaa aliishi na fundi aliyekuwa akizipigia nyumba tupu kila wiki ya maisha yake, na hakupata kusikia sababu, kwa kuwa mumewe hakuwa na tabia ya kuleta habari za kazi nyumbani. Naye angewezaje kujua?

Sasa anajua. Kila Ijumaa baada ya swala anakuja kwangu, ananiomba nimpigie ile namba aliyoikariri. Simu inalia Ukunda, mashine ya kunyolea inazimwa, na Kevo, ambaye alipokuja pwani alikuwa akimsalimu kila mtu "Sasa?", anaitikia, "Shikamoo, mama. Hajapiga." Bi Mejumaa anasema marahaba, anamwuliza kama amekula, anamwombea dua, anakata. Kisha anakaa mkekani mpaka alasiri, kama kawaida yake.

Kipo kitu kimoja alichoniomba na nikashindwa. Siku ile dukani, tulipokuwa tunaondoka, alirudi peke yake kwenye meza ya yule msichana. Alimwambia laini imekwenda, hana ugomvi, lakini ndani yake kulikuwa na kredo aliyoitia binti yake kwa mkono wake, na hakuigusa hata senti, je, inaweza kuhamishwa? Msichana akasema haiwezekani, laini ikifungwa na kredo yake inapotea. Bi Mejumaa aliniuliza mimi, akidhani huenda fundi ana njia. Nikauliza kila niliyemjua. Hakuna njia.

Ilikuwa shilingi mia moja.